Kimya cha Sekunde Kumi na Nne

Sehemu ninayoizungumzia ilikuwa na urefu wa dakika ishirini na nane na sekunde arobaini. Niliipima mara nyingi, kwanza kwa saa ya mkononi nikiwa kijana Morogoro, baadaye kwa simu nikiwa mtu mzima Hagsätra, Stockholm. Ni sehemu moja ya kipindi cha vichekesho cha redio ya Waingereza, cha zamani, kilichorekodiwa mbele ya watu ukumbini kabla sijazaliwa, kisha kikarushwa tena na tena kwa masafa mafupi hadi kikatufikia sisi.

Hadithi yake ni hii. Bwana mmoja mwenye majivuno amesikia kwamba mkaguzi wa halmashauri atapita mtaani kwake kuchagua nyumba iliyotunzwa vizuri kuliko zote. Anapiga deki, anapaka mlango rangi, anamkataza mpangaji wake kukalia viti. Lakini kila mlango unapogongwa, anayeingia si mkaguzi. Ni jirani anayetaka arudishiwe ngazi yake. Ni jirani tena. Ni msafisha bomba la moshi aliyekosea nyumba, na viatu vyake vyeusi kwa masizi. Mwishowe inakuja barua: shangazi yuko njiani, atakaa wiki mbili. Bwana yule anazima taa, anamvuta mpangaji chini ya meza, na wanapatana kwamba lije lijalo, wao hawapo. Mlango unagongwa. Kimya. Inasikika saa ya ukutani tu. Kimya hicho kinachukua sekunde kumi na nne, na kwenye redio huo ni muda mrefu mno. Mtu anaweza kudhani betri zimekwisha. Watu ukumbini wanaanza kucheka mmoja mmoja, kisha wote. Halafu hatua zinaondoka, karatasi inadondoka kupitia tundu la barua la mlangoni, na mpangaji anaisoma: mkaguzi alifika, hakukuta mtu.

Mimi shule niliishia darasa la saba. Kiingereza nilijifunza kwa vicheko vya watu wale. Wakicheka, niliandika maneno yaliyotangulia kicheko, kwa tahajia yoyote iliyonijia, kisha nikayatafuta kwenye kamusi ya fundi mkuu wa karakana niliyofanyia kazi. Mengine niliyaelewa siku ileile. Mzaha mmoja niliuelewa baada ya miaka miwili, nikibadilisha mkanda wa mashine, nikacheka peke yangu, na fundi mkuu akauliza kama nimevuta kitu. Kile kimya hakikuhitaji kamusi. Hata hivyo kilinishangaza kuliko maneno yote, kwa sababu sikuwa nimewahi kuona mtu mzima, mwenye akili zake, aliye ndani ya nyumba yake, akaitwa mlangoni asiitike.

Stockholm nimekaa zaidi ya miaka ishirini. Natengeneza lifti. Yule nimwitaye Mwalimu nilikutana naye kazini: kengele ya dharura ilikuwa imepigwa katika jengo moja la Sundbyberg, lifti imekwama kati ya ghorofa ya tatu na ya nne. Utaratibu ni kumwuliza aliye ndani, kwa Kiswidi, yuko na nani na anajisikiaje. Nilipofika nilimsikia akisema peke yake, kwa Kiswahili, akiikaripia lifti kama mtu anavyomkaripia mwanafunzi mvivu. Kwa hiyo sikufuata utaratibu. Niliweka mdomo kwenye ufa wa mlango nikasema, "Hodi."

"Karibu," alijibu.

Kisha akaongeza, "Karibu, lakini sijui utapitia wapi."

Nilimtoa baada ya dakika ishirini na tano. Alikuwa mzee wa Voi, upande wa Kenya, mwalimu wa shule ya msingi aliyemfuata mkewe masomoni huku, akaishia kuwafundisha Kiswahili watoto waliozaliwa hapa, wale ambao shule huwatengea saa moja kwa wiki ya lugha ya nyumbani. Mkewe alikuwa amekwisha kufariki. Binti yao, mtu mzima mwenye kazi ya ofisini, aliishi ghorofa mbili chini yake. Mzee alinikaribisha chai, na kwenye rafu yake, kati ya kanda za kwaya, nikaiona ile sehemu. Alikuwa ameirekodi mwenyewe kutoka redioni alipokuwa chuo cha ualimu, na mwanzoni mtu alisikika akipiga chafya.

Tangu siku hiyo nilikwenda kwake kila Jumapili ya pili. Mimi nilimwita Mwalimu, yeye aliniita Fundi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Haya, nimwagie zote kwa mkupuo: za nyumbani, za kazini, za afya, za theluji. Ninyi Watanzania mkimaliza kusalimiana chai imekuwa barafu."

"Na ninyi mnaanza na shida kama mnakimbizwa."

"Tunakimbizwa. Huoni tulivyotangulia?"

Kisha tulisikiliza kanda. Yeye aliwaiga watu wote, na mwenye nyumba alimwiga vizuri kuliko aliyemwigiza kwanza, au hivyo ndivyo nilivyoona. Alikuwa na sauti nzito, safi, ya mtu aliyezoea kusikika hadi dawati la nyuma.

Mwaka jana, majani yalipoanza kupukutika, sauti ile ikaanza kukwaruza. Alisema ni mafua. Baadaye ikajulikana ni uvimbe kwenye zoloto, ile sehemu ya koo inayotoa sauti. Akapigwa mionzi, haikutosha. Madaktari wakaamua kuliondoa zoloto lote. Angepumua kupitia tundu shingoni, na huko mbele huenda angepata kusema kwa njia nyingine, kwa kidude kidogo na mazoezi mengi, lakini si kwa sauti aliyokuwa nayo. Upasuaji ulipangwa siku ya Jumanne.

Binti alinipigia simu wiki moja na nusu kabla. Yeye husikia Kiswahili na hujibu kwa Kiswidi, hata kwa baba yake. Majibu yake nayaandika hapa kwa Kiswahili kana kwamba ndivyo alivyoyasema.

"Amekataa orodha," alisema. "Njoo uzungumze naye."

Orodha ilikuwa imetolewa na mtaalamu wa matamshi. Ilikuwa kurasa kumi na moja za sentensi za Kiswidi. Mgonjwa akizisoma zote, kompyuta huchanganua sauti yake na kumtengenezea nyingine inayofanana nayo, ili baadaye akiandika kitu, mashine iseme badala yake. Nilizipitia kurasa zote nikaona ni kazi iliyopangwa vizuri. Nilimwambia Mwalimu hivyo, jikoni kwake.

"Sikiliza hii, Fundi." Aliinua karatasi mbali na macho, akasoma kwa mkwaruzo. "'Ndege wa kijivu ametua juu ya paa jekundu.' Ndege gani? Nani kamwona? Mtoto akiniletea sentensi kama hii namrudisha nayo nyumbani."

"Wanataka sauti tu, Baba," binti alisema. "Maana haina kazi."

"Ndiyo kasoro yake hiyo."

"Baba, Jumanne ijayo hutakuwa nayo. Mimi nitabaki na nini?"

Alikuwa amesimama na mkono kwenye mpini wa friji, hakuifungua wala hakuiacha. Mwalimu alinigeukia mimi.

"Ile sehemu. Tuifanye kwa Kiswahili, tuirekodi. Mimi niwe mwenye nyumba. Huyu abaki na baba anayesema na watu, si na ndege."

Binti alisema kwamba kompyuta haitaweza kuitumia. Mwalimu alisema kompyuta haikualikwa. Walipatana hivi: asome kurasa tatu za orodha kwa ajili ya mashine, na sauti itakayobaki itumike atakavyo yeye.

Nilikuwa na jioni sita za kutafsiri. Nilifanya kazi kwa kanda, daftari na saa. Tafsiri ya kwanza, nilipoisoma kwa sauti peke yangu, ilichukua dakika arobaini na moja. Niliichunguza nikaona zilipokwenda zile dakika kumi na mbili za ziada: kwenye salamu. Kila aliyeingia alikuwa amesalimu, akajibiwa, akauliza habari, akapewa. Sikukumbuka kuyaandika hayo. Mkono uliyaweka wenyewe. Mwalimu wakati huo aliweza kusema dakika ishirini tu kabla ya kupumzika, kwa hiyo urefu haukuwa jambo dogo. Nilizifuta salamu zote. Zikabaki dakika ishirini na tisa, nami nikaridhika.

Wa tatu wetu alikuwa mama mmoja Mkongomani wa Norsborg, kiongozi wa kwaya kanisani kwa Mwalimu, ambaye kazi yake ni kutunza wazee. Tulimwita Mama, ingawa ananizidi miaka miwili tu. Yeye angekuwa wote wanaokuja mlangoni: jirani, msafisha bomba, tarishi na mkaguzi. Mimi nilikuwa mpangaji.

Tulirekodi kwangu Hagsätra, kwa sababu kabati langu la nguo ni chumba kidogo kisicho na dirisha, na makoti ya baridi yakining'inizwa pande zote, sauti humo haina mwangwi. Mwalimu na mimi tuliketi ndani, magoti yakigusana, kila mmoja na karatasi zake na taa ndogo ya kichwani ninayovaa kazini. Kinasa sauti kilikuwa kati yetu. Mama alisimama nje ya mlango wa kabati, kwa kuwa ndiye mgeni. Binti aliketi kwenye kigoda cha kuvalia viatu ukumbini akisikiliza kwa vifaa vya masikioni na kuangalia sauti kwenye skrini ya kompyuta yake.

Siku hiyo ya kwanza, Jumamosi, tulikwama kabla ya ukurasa wa pili.

"Bon," Mama alisema kutoka nje, akianza kwa Kifaransa kama kawaida yake. "Hapa umeandika anagonga mulango. Nagonga tu? Bila hodi?"

"Ndivyo ilivyo. Waingereza hugonga."

"Mimi si Muingereza. Kwetu mwenye kugonga bila kusema ni polisi ao ni mwizi. Jirani wa mutu hawezi."

"Mpe hodi yake, Fundi," Mwalimu alisema.

Niliandika hodi saba, sekunde mbili kwa kila moja, nikajumlisha. Tukaanza upya. Mama akabisha hodi, akakaribishwa, mlango wa kabati ukafunguliwa, akatazama karatasi yake, akatutazama sisi.

"Na sasa naanza na ngazi?"

"Ndiyo. 'Ngazi yangu iko wapi?'"

"Sijawasalimia."

"Jirani amekasirika, Mama."

"Akikasirika ndiyo anasahau adabu? Mutu amekaa, mukubwa, na mvi yake. Naingia tu, ngazi, ngazi. Haiko."

Mwalimu alicheka hadi akakohoa, na kukohoa kukamgharimu dakika nne. Aliporudisha pumzi alisema tumwache. Kwa hiyo jirani wa Mama aliingia akiwa amefura kwa hasira, akauliza habari za asubuhi, akauliza afya, akauliza mpangaji ameamkaje, akashukuru kusikia wote ni wazima, na hapo ndipo akaliuliza lile la ngazi, kwa ukali. Nje nilisikia binti akicheka. Niliandika daftarini: kicheko, mtu mmoja, sekunde tano. Katika sehemu ya Waingereza hapakuwa na kicheko mahali hapo.

Tulikwenda hivyo, dakika kumi za kusema na robo saa ya kupumzika, Mwalimu akinywa maji ya uvuguvugu yenye asali. Mchana ulipopinda tulifika chini ya meza.

Nilimweleza kila mmoja kazi yake. Mama atabisha hodi mara moja, atulie, kisha aondoke kwa hatua za kusikika. Mwalimu na mimi hatutafanya lolote. Sekunde kumi na nne. Nilionyesha saa. Mwalimu aliinamisha kichwa kana kwamba kweli yuko chini ya meza, akazima taa yake, nami nikazima yangu.

"Hodi!" Mama aliita.

"Karibu!" Mwalimu alijibu.

Sauti ilikuwa safi kuliko zote za siku ile.

"Samahani," alisema. "Imenitoka."

Mara ya pili aliweka kiganja mdomoni. Mama aliita, na kiganja kikaondoka chenyewe. Mara ya tatu nilimshauri ahesabu moyoni kutoka ishirini kurudi nyuma. Alifika kumi na tisa. "Mwalimu!" nilisema, na sauti yangu ya kukata tamaa imo kwenye rekodi. Mara ya nne alifaulu. Alibana meno kwenye mkono wa koti langu la kazini na hakutoa hata pumzi, na aliyejibu "Karibu, Mama" nilikuwa mimi.

"Wanaume wawili," Mama alisema akifungua mlango, "munashindwa kunyamaza. Na munasema wanawake ndiyo wanasema sana."

"Tatizo ni wewe," Mwalimu alimwambia. "Unaita kama mtu anayehitaji kuingia."

"Niite namna gani? Kama mwenye kupita?"

Mara ya tano alijaribu kuita kama mwenye kupita. Mwalimu akamkaribisha.

Tulipumzika hadi kesho yake. Nilitumia jioni ile kutafuta suluhisho na nikalipata. Ni rahisi: Mwalimu aende jikoni, turekodi hodi ya Mama peke yake, kisha tuweke sekunde kumi na nne za kabati tupu, kisha hatua. Binti angeziunganisha kwa dakika chache. Hakuna msikilizaji ambaye angejua. Asubuhi nilimpa Mwalimu pendekezo hilo kwa maandishi, kuokoa sauti.

Alilisoma, akalikunja.

"Hapo sitakuwa nimenyamaza, Fundi," alisema. "Nitakuwa sipo."

Niliichukua karatasi, nikaitia kwenye daftari.

Jumapili sauti ilikuwa imeshuka mno. Baada ya kila sentensi ndefu alisubiri. Tulimaliza kila kitu kingine kwanza, kwa makusudi: barua ya shangazi, viatu vya msafisha bomba, hata karatasi ya mwisho inayosomwa na mpangaji. Kilibaki kimya tu. Binti alikuwa amevua vifaa vya masikioni na kuvivaa tena mara kadhaa. Alisema kupitia mlango, kwa upole, kwamba imetosha, kwamba anayo ya kutosha. Mwalimu alisema bado.

Mara ya sita alikasirika, na "karibu" yake ilitoka kwa hasira. Ya saba ilitoka na kicheko ndani yake. Ya nane ilikuwa ya kawaida kabisa, kama ya mtu aliyeko sebuleni mwake anayesoma gazeti. Kabla ya mara ya tisa alinishika mkono, na nikausikia ukinibana Mama alipoita. Nilihesabu sekunde tatu, nne. Sita. Kisha akasema "karibu", lakini ilikuwa pumzi zaidi kuliko sauti, na kinasa kiliipata kwa shida.

Aliweka vidole kooni.

"Basi," alisema.

Kwa hiyo tulikuwa na sehemu nzima isipokuwa pale hadithi inapogeukia. Bila kile kimya, karatasi ya mkaguzi haina sababu ya kudondoka. Nilipokuwa nikishusha makoti nilimwambia binti afute zile rekodi tisa zilizoharibika, kwa kuwa zingemchanganya atakapopanga zilizo nzuri. Nilimpa namba zake kwenye karatasi. Aliichukua karatasi, akaitia mfukoni.

Jumanne upasuaji ulifanyika kama ulivyopangwa. Binti alituma ujumbe jioni: amezinduka, hali yake ni nzuri.

Alirudi nyumbani baada ya wiki kadhaa, nami nikaenda Sundbyberg Jumapili yangu ya kawaida. Lifti ilikuwa inafanya kazi. Mlangoni kwake nilifanya nilivyofanya siku zote: niliinama kidogo kwenye tundu la barua nikasema, "Hodi."

Hapakuwa na jibu. Nilijua hapangekuwa na jibu, na bado nilisubiri mahali pale pale ambapo jibu hukaa. Niliona nimeitazama saa yangu. Baadaye binti alikuja akafungua.

Mwalimu alikuwa kitini karibu na dirisha, amekonda, kitambaa cheupe kimefunika tundu la shingoni. Alikuwa na ubao mdogo mweupe na kalamu. Nilimwamkia, akainua kiganja. Nilimpa zote kwa mkupuo, za nyumbani, za kazini, za afya, za theluji, kwa kuwa hakuwa na namna ya kunikatisha, naye akazungusha macho mahali ambapo zamani angesema juu ya chai na barafu.

Kisha aliandika: *Sasa naweza.*

Sikumwelewa mara moja. Akafuta, akaandika tena, kwa mwandiko wake wa ubaoni, herufi zote zimesimama wima: *Kimya. Tumalizie. Kwako. Mlete Mama.*

Nilimtazama binti. Aliinua mabega. "Ni yeye anayetaka," alisema.

Wiki mbili baadaye tulikuwa tena Hagsätra. Nilining'iniza makoti yaleyale mahali palepale, kwa kuwa kimya cha chumba kimoja hakifanani na cha kingine na kingegundulika. Mama alikuja kutoka Norsborg na chapati kwenye sufuria iliyofungwa kwa kanga. Alipomwona Mwalimu alimshika mikono miwili, akasema, "Baba, umepungua, lakini uko." Mwalimu aliitika kwa kichwa. Binti aliketi kwenye kigoda chake.

Niliingia kabatini na Mwalimu. Pumzi yake ilisikika, ikipita shingoni, kavu kidogo, na nilijiuliza kama kinasa kitaichukua na kama inafaa kuiondoa. Niliamua inafaa kubaki. Mtu aliye chini ya meza hupumua. Nilieleza tena kazi ya kila mmoja ingawa hapakuwa na aliyeisahau. Tulizima taa. Nilitazama mshale wa saa yangu unaong'aa gizani.

"Hodi!" Mama aliita. Aliita vizuri, kama mtu anayehitaji kuingia.

Sekunde ya kwanza, ya pili. Nilijibana ulimi kwa meno. Ya tano. Nilisikia saa ya ukutani ya sebuleni, ambayo sikuwa nimepanga iwemo lakini ilifaa. Ya nane. Ya tisa. Kando yangu Mwalimu alijisogeza, nikasikia koti likichakarika. Ya kumi na moja.

"Karibu!"

Ilikuwa sauti yake. Ilikuwa safi, nzito, ya mtu anayesikika hadi dawati la nyuma, na mara baada yake ikafuata sauti yangu mimi, imekata tamaa: "Mwalimu!"

Niliwasha taa. Alikuwa ameshika simu yake mapajani. Kwenye skrini palikuwa na vitufe vinane vikubwa vya rangi, vyenye namba za rekodi, moja hadi tisa bila ya nne, vimepangwa kwa safu mbili, na kidole chake kilikuwa bado juu ya cha tatu.

Nje binti alikuwa anacheka, na safari hii hakuacha kwa sekunde tano. Nilielewa kwamba ile karatasi yangu yenye namba aliitumia kuzitafuta rekodi zile, si kuzifuta. Ile ya nne, niliyoitika mimi, ndiyo pekee aliyoiacha. Mwalimu alinionyesha vitufe kimoja kimoja bila kuvibonyeza, akiandika kwenye ubao: cha kwanza cha majirani, cha sita cha wanaouza vitu mlangoni, cha nane cha binti yake. Cha tisa, kile cha pumzi, hakukiandikia kitu.

"Tulikubaliana kimya," nilimwambia.

Aliandika: *Mtu amebisha hodi.*

Mlango wa kabati ulifunguliwa. Mama alisimama pale na karatasi yake, mwanga wa ukumbini nyuma yake. Alikuwa amekaribishwa, kwa hiyo alikuwa ameingia.

"Alors," alisema. "Mukaguzi amekuta watu. Sasa anasema nini?"

Tulitazama karatasi zetu. Hapakuwa na kitu. Waingereza hawakuwa wameandika lolote kwa mkaguzi zaidi ya ile karatasi ya tundu la barua. Katika kanda hana hata sauti. Mwalimu alichukua kalamu yangu sikioni, akanipa, akagonga daftari kwa kidole mara mbili, kama anavyomfanyia mwanafunzi anayechelewa kuanza.

Niligeuza ukurasa mpya. Niliandika: mara ya kumi, sekunde kumi na moja. Chini yake nikaandika: *Mkaguzi anaingia. Anasalimu.*